Kuunganisha kinasa sauti kidogo cha ISD1820 na redio ya upepo: mwongozo kamili

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa anayeita vituo vingine jioni nzima hurudia maneno yale yale mara nyingi sana: jina la kituo chake, mahali alipo, na kwamba anasikiliza. Kinasa sauti kidogo kinaweza kumpokea mzigo huo, kwa kuwa hutamka ujumbe kwa sauti yake mwenyewe kila anapobonyeza kitufe kimoja, naye akabaki na koo zima kwa ajili ya mazungumzo yenyewe. Mwongozo huu unahusu bodi yenye chipu ya ISD1820 na redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R, lakini redio nyingine yoyote yenye tundu mbili za mtindo wa Kenwood huunganishwa kwa njia hiyo hiyo.

Watu wengi huanza kazi hii wakidhani kwamba ugumu upo katika kuifanya redio iisikie sauti ya kinasa. Mambo ni kinyume kabisa. Sauti inayotoka kwenye bodi ni kubwa kuliko ile ya maikrofoni kwa makumi ya mara, na redio inaporusha, mawimbi yake hurudi kupitia nyaya hizo hizo ulizoziunganisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kupunguza na kuzuia, na ndiyo sababu nimeeleza kwa kirefu viunganishi na vichujio kuliko bodi yenyewe.

Kabla ya kurusha chochote hewani, hakikisha una leseni. Nchini Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda na UCC. Majina ya vituo vya ridhaa huanza kwa 5H Tanzania, 5Z Kenya na 5X Uganda. Leseni ya ridhaa ni ya kuzungumza na vituo vingine, haikuruhusu kutangaza kama kituo cha redio, kwa hiyo ujumbe uliorekodiwa utumike kuita au kujitambulisha tu, na wewe mwenyewe uwe mbele ya redio daima.

Kuifahamu bodi

ISD1820 hurekodi ujumbe mmoja na kuuhifadhi hata umeme ukizimwa. Ina njia tatu za kuiamuru. REC hurekodi muda wote inapopewa umeme chanya. PLAYE hucheza ujumbe wote baada ya kuguswa mara moja. PLAYL hucheza kwa muda ule tu inapoendelea kushikiliwa. Katika mradi huu tutaitumia PLAYE. Ni muhimu kukumbuka kwamba REC ina nguvu kuliko nyingine zote: ikipata umeme hata katikati ya kucheza, chipu huacha kucheza na kuanza kurekodi juu ya ujumbe uliokuwepo. Tutalirudia jambo hili mbele, kwa sababu limenigharimu.

Muda wa kurekodi hupangwa na rezista moja. Rezista ya kilo-omu 80 hutoa sekunde 8, ya kilo-omu 100 hutoa sekunde 10, na ya kilo-omu 200 hutoa sekunde 20. Wengi huvutiwa na hizo sekunde 20, nami nawasihi waziache. Kila muda unapoongezwa, ubora wa sauti hupungua: kwa sekunde 8 chipu hubeba sauti hadi hezi 3,400, ambazo zinaitosha redio ya upepo, lakini kwa sekunde 20 hubeba hadi hezi 1,300 tu. Sauti za s, sh na f hukaa juu ya kiwango hicho, kwa hiyo "sita" na "tisa" hupoteza ukali wake, na jina la kituo lenye tarakimu huwa fumbo kwa anayesikiliza kwa mbali. Bodi nyingi huja na rezista ya kilo-omu 100. Nashauri uiondoe na kuweka ya kilo-omu 80. Fanya hivyo kabla ya kurekodi, kwa sababu ujumbe uliorekodiwa kwa rezista moja na kuchezwa kwa nyingine hubadilika kasi.

Vifaa

Mbali na redio na bodi, utahitaji Arduino Nano (kompyuta ndogo sana inayopangiwa programu) kwa ajili ya kupanga muda, optokapla moja ya PC817 (swichi ndogo inayowashwa kwa mwanga), rezista za omu 470, kilo-omu 47 na mbili za kilo-omu 10, rezista ya kurekebishwa ya kilo-omu 1, kapasita ya mikrofaradi 10, kapasita ya kauri ya mikrofaradi 1, kapasita tatu za kauri za nanofaradi 1, kitufe kimoja, swichi ndogo, kasha la betri sita za AA, na pete au vibanio viwili vya feraiti (kauri ya sumaku inayozuia mawimbi yasisafiri kwenye waya). Vitu hivi vyote ni vya kawaida kwa wauza vipuri vya elektroniki; mafundi wengi wa Dar es Salaam huvifuata Kariakoo, na wa Nairobi huvifuata Luthuli Avenue. Nunua pia kipokea sauti cha sikioni cha bei ya chini kinachotengenezewa redio hiyo, kwa sababu tutakikata ili tupate plagi yake. Kununua plagi mbili tupu na kujaribu kuzipanga kwa umbali sahihi ni kazi isiyo na faida, kwani zikipishana hata kidogo hazitaingia zote mbili.

Kuzitambua nyaya za plagi

Plagi ya mtindo huu ina miguu miwili, mmoja wa milimita 3.5 na mwingine wa milimita 2.5. Kila mguu una sehemu tatu zinazotenganishwa na mistari myeusi: ncha, pete ya katikati, na shina. Sehemu nne ndizo zinazotuhusu. Pete ya mguu mkubwa hupokea sauti ya maikrofoni. Shina la mguu mkubwa ni la kitufe cha kuongelea, ambacho mafundi hukiita PTT. Ncha ya mguu mdogo hutoa sauti ya spika, na shina la mguu mdogo ni hasi ya redio. Redio huanza kurusha pale shina la mguu mkubwa linapogusana na shina la mguu mdogo. Hiyo ndiyo siri yote ya PTT katika redio hizi.

Kata waya wa kipokea sauti karibu sentimita 20 kutoka kwenye plagi, kisha vua ganda la nje. Ndani utakuta nyuzi nyembamba mno za shaba zilizosokotwa pamoja na uzi wa nailoni, zenye rangi nyekundu, kijani, bluu au ya shaba yenyewe. Rangi hizo si waya mtupu uliopakwa wino. Ni vanishi inayozuia umeme. Ukijaribu kulehemu bila kuiondoa, risasi itazunguka waya kama tone la maji juu ya jani la mgomba na haitashika. Weka tone kubwa la risasi kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, lizamishe ncha ya waya humo kwa sekunde tatu au nne hadi moshi mdogo utoke, na utaona risasi ikianza kupanda juu ya nyuzi na kuzifunika kwa rangi ya fedha. Hapo ndipo waya umekuwa tayari.

Usiziamini rangi, kwa sababu kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Weka mita kwenye mlio, shikilia ncha moja ya mita kwenye sehemu ya plagi na nyingine kwenye waya, kisha andika kwenye karatasi kila waya unakokwenda. Ukishamaliza, funga vipande vya karatasi vyenye majina kwenye nyaya zenyewe. Dakika kumi za kazi hii huokoa saa nyingi za kubahatisha baadaye.

Njia ya sauti

Bodi ina vituo viwili vya spika, chanya na hasi. Hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika. Hasi ya spika si hasi ya betri. Vituo vyote viwili vinasukuma sauti, kila kimoja kwa upande wake, na ukiunganisha kimoja na hasi ya redio utakuwa umekifunga kwa nguvu chini, na chipu inaweza kuungua. Tumia kituo cha chanya peke yake na ukiache cha hasi bila kuunganishwa na kitu chochote.

Kutoka kituo cha chanya, unganisha kapasita ya mikrofaradi 10, upande wake wa chanya ukielekea kwenye bodi. Baada ya kapasita, unganisha rezista ya kilo-omu 47, na baada yake ncha moja ya rezista ya kurekebishwa. Ncha yake ya pili iende kwenye hasi ya bodi. Mguu wa katikati wa rezista hiyo ndio unaotoa sauti iliyopunguzwa: hata ukiifungua hadi mwisho, itatoa takriban sehemu moja ya 48 ya sauti ya awali, na ukiirudisha chini itazidi kupungua hadi sifuri. Kutoka mguu huo wa katikati, pitisha kapasita ya kauri ya mikrofaradi 1 na uifikishe kwenye pete ya mguu mkubwa wa plagi. Kapasita hii ya mwisho haiwezi kuachwa. Redio hutuma umeme mdogo kwenye waya wa maikrofoni ili kuiendesha maikrofoni ya kawaida, na bila kapasita umeme huo ungeshuka kupitia rezista yetu na kuharibu kazi ya pande zote mbili.

Hasi ya bodi iunganishwe na shina la mguu mdogo, na kamwe isiunganishwe na shina la mguu mkubwa. Anayekosea hapa na kuviunganisha vyote viwili atakuta redio ikianza kurusha pale tu anapochomeka plagi, na haitaacha mpaka aichomoe.

Njia ya PTT

Optokapla ya PC817 ina miguu minne na alama ya nukta pembeni mwa mguu wa kwanza. Mguu wa 1 upokee umeme kutoka mguu wa D4 wa Arduino kupitia rezista ya omu 470; mguu wa 2 uende kwenye hasi. Mguu wa 4 uunganishwe na shina la mguu mkubwa wa plagi, na mguu wa 3 na shina la mguu mdogo. Arduino inapowasha D4, taa iliyo ndani ya optokapla huwaka, upande wa pili hupitisha umeme, na redio hurusha. Transista ya kawaida kama BC547 ingeweza pia, lakini optokapla huilinda Arduino endapo utakosea waya, na bei zake hazitofautiani sana.

Unganisha D5 na PLAYE ya bodi, na kitufe chako kati ya D2 na hasi. Bodi ipate umeme kutoka kituo cha volti 5 cha Arduino, na betri sita za AA, yaani volti 9, ziingie kupitia kituo cha VIN. Usichukue umeme wa betri ya redio moja kwa moja: ina volti 7.4, na hufika 8.4 ikijaa, wakati chipu ya kinasa imetengenezwa kwa volti zisizozidi 5.5.

Programu ya Arduino ni fupi, na mpangilio wake ndio wenye maana. Kitufe kikibonyezwa, washa D4 kwanza na usubiri milisekunde 600 bila kucheza chochote. Subira hiyo huipa redio nafasi ya kuanza kurusha, na huipa redio ya anayesikiliza, au kituo cha kurudia mawimbi, nafasi ya kufungua sauti; bila hiyo silabi ya kwanza ya jina lako humezwa kila mara. Kisha washa D5 kwa milisekunde 100 na uizime. Subiri urefu wa ujumbe, ongeza milisekunde 300, halafu zima D4. Mwenye kutaka usahihi zaidi anaweza kusoma taa ya kurekodi ya bodi, kwa kuwa chipu huishusha umeme wake kwa muda mfupi sana pale ujumbe unapoisha. Lakini hata hapo weka kikomo cha sekunde 10, ili waya ukikatika redio isiendelee kurusha.

Kikomo cha pili kiwekwe kwenye redio yenyewe. Katika UV-5R, menyu ya 9 hupanga muda wa juu wa kurusha mfululizo. Chagua sekunde 60. Redio hiyo pia ina uwezo wa kujiwasha kwa sauti, kwenye menyu ya 4, na wapo wanaoutumia ili kuepuka kazi yote ya PTT. Mimi siupendi kwa mradi huu, kwa sababu huanza kurusha baada ya sauti kuanza, na kinachopotea ni mwanzo wa jina la kituo, yaani sehemu inayohitajika zaidi.

Kuyazuia mawimbi yasirudi

Kinasa changu cha kwanza kilifanya kazi vizuri mezani bila antena. Siku niliyoweka antena na kurusha kwa nguvu kamili, ujumbe ulichezwa mara moja, na mara ya pili ukatoka mngurumo mtupu. Nilidhani chipu imeharibika. Baada ya kuchunguza niliona kwamba nilikuwa nimerefusha waya wa REC hadi kwenye kitufe kilichokuwa upande wa pili wa meza, kiasi cha nusu mita. Robo ya wimbi la megahezi 145 ni sentimita 52. Nilikuwa nimetengeneza antena nzuri kabisa na kuiunganisha na mguu wa kufutia ujumbe. Kila niliporusha, mawimbi yaliingia humo, chipu ikaona umeme, ikarekodi mngurumo juu ya sauti yangu.

Tangu wakati huo nafuata taratibu nne bila kuruka hata moja. Waya wa REC hukatwa kwa swichi ndogo iliyo ndani ya kasha, na huunganishwa tu ninapotaka kurekodi upya. Kati ya REC na hasi, na kati ya PLAYE na hasi, naweka rezista ya kilo-omu 10 pamoja na kapasita ya nanofaradi 1, zikilehemiwa kwenye bodi yenyewe na si mwisho wa waya. Kapasita ya tatu ya nanofaradi 1 naiweka kati ya waya wa maikrofoni na hasi, mahali waya unapoingia kwenye kasha. Na waya wa plagi naupitisha mara tatu au nne ndani ya feraiti karibu na redio, na feraiti ya pili naiweka upande wa kasha. Nyaya zote za ndani ziwe fupi kadiri inavyowezekana. Sentimita 5 ni bora kuliko 15.

Iwapo utatumia redio ya kituo inayopata umeme wa mtambo wa ukutani badala ya ya mkononi, unaweza kusikia mvumo wa chini usiokoma. Huo hautoki kwenye mawimbi bali kwenye hasi mbili zinazokutana kwa njia mbili tofauti. Dawa yake ni transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600, ikiwekwa baada ya rezista ya kurekebishwa, na hasi ya bodi ikatenganishwa kabisa na ya redio.

Kurekodi na kurekebisha

Rekodi katika chumba chenye mapazia, nguo au godoro, kwa sababu kuta tupu hurudisha mwangwi na maikrofoni ndogo ya bodi huudaka wote. Kaa umbali wa sentimita 15 hivi, washa swichi ya REC, shikilia kitufe cha REC, subiri kidogo baada ya taa kuwaka, kisha sema kwa sauti ya kawaida. Usipaze sauti, bodi ina mpangilio wake wa kusawazisha ukubwa wa sauti, na ukipiga kelele utaulazimisha kuivuruga. Maneno yatoshe sekunde 6 au 7. Tamka jina la kituo mara mbili, polepole, herufi moja moja.

Kwa jaribio la kwanza, ondoa antena na uweke mzigo wa omu 50. Rezista mbili za kaboni za omu 100, za wati 2 kila moja, zikiunganishwa sambamba, zinatosha kwa majaribio mafupi; zisiwe za waya uliozungushwa, kwa kuwa hizo hufanya kazi kama koili katika masafa haya. Weka redio kwenye nguvu ndogo, chagua masafa yasiyotumiwa na mtu, na mwombe mwenzako asikilize kwa redio nyingine iliyo chumba cha pili. Anza rezista ya kurekebishwa ikiwa chini kabisa. Bonyeza kitufe, na uhakikishe kwanza kwamba taa nyekundu ya redio inawaka na kuzimika kwa wakati wake, hata kama hakuna sauti inayosikika. Kisha zungusha kidogo kidogo, ukirudia ujumbe kila mara.

Kipimo sahihi ni sikio la mwenzako, akilinganisha sauti ya kinasa na sauti yako ukizungumza kwa maikrofoni ya kawaida ya redio. Zikilingana, rudi nyuma kidogo. Ukiona sauti inakwaruza kwenye herufi zenye mkazo, au inakatika pale unapotamka "p" na "b", bado ni kubwa mno. Ikiwa sauti inakwaruza hata rezista ikiwa karibu na chini kabisa, badilisha rezista ya kilo-omu 47 kwa ya kilo-omu 100. Ikiwa hata ukifungua mwisho sauti ni hafifu, weka ya kilo-omu 22.

Yakikamilika hayo, rudisha antena na ujaribu kwa nguvu kamili, kasha likiwa mahali litakapokaa siku zote. Cheza ujumbe mara kumi mfululizo kwa kupumzika katikati, huku mwenzako akisikiliza kama kuna mngurumo, mlio mkali au maneno yanayojirudia. Jaribu pia masafa ya juu, karibu na megahezi 435, kwa kuwa huko robo ya wimbi ni sentimita 17 tu, na waya uliokuwa salama kwenye 145 unaweza kuwa antena kule. Kosa likitokea kwa nguvu kamili lakini si kwa nguvu ndogo, usiguse rezista ya sauti: rudi kwenye feraiti na kapasita, na usogeze kasha mbali na antena kwa nusu mita zaidi.

Kasha la chuma ni bora kuliko la plastiki, na hasi ya bodi iguse chuma hicho mahali pamoja tu, karibu na waya wa plagi unapoingia. Swichi ya REC ibaki ndani, na juu ya kasha kiwepo kitufe kimoja na taa ya kuonyesha kwamba redio inarusha. Ndani ya kifuniko, bandika ile karatasi ya rangi za nyaya uliyoiandika mwanzoni, kwa kuwa siku plagi itakapokatika, na plagi hizi hukatika pale waya unapojikunja, hutakumbuka tena upi ulikuwa wa maikrofoni na upi wa PTT.